Plagi Iwe Moja, Bara na Visiwani

Mtu atokaye Unguja na gari lake kwa meli, akashukia bandari ya Dar es Salaam na kushika Barabara ya Morogoro kuelekea Dodoma, hana budi kupita Kibamba. Hapo ndipo jiji linapoaga na Mkoa wa Pwani unapokaribisha. Malori ya mizigo iendayo Zambia na Kongo, mabasi yatokayo Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis, daladala, bajaji na bodaboda, vyote hupishana mahali hapo usiku na mchana. Kila dereva apitaye hapo anajua kwamba taa ya mafuta ikimwakia ataingia kituo chochote kilicho mbele yake, na mpira wa pampu utaingia katika tangi lake bila mtu kuuliza gari hilo limeundwa wapi. Hakuna anayelistaajabia jambo hilo, kwa sababu tumelizoea tangu utoto.

Je, mambo yatakuwa hivyo gari litakapokuwa la umeme? Kwa mwendo tunaokwenda nao sasa, hapana. Na kwa kuwa magari, bajaji na pikipiki za umeme zimekwisha kuanza kuonekana katika barabara zetu, tunaona umefika wakati wa kulisema jambo hili waziwazi kabla mizizi yake haijazama. Vituo vya kuchajia betri vikijengwa kila kimoja kwa plagi yake, mwananchi wa kawaida ndiye atakayelipa gharama ya fujo hiyo.

Yafaa tueleze kwanza kiini cha tatizo, maana wengi wanaopitisha maamuzi hawajapata kulishika tundu la gari la umeme mkononi. Magari mengi yanayoingia nchini mwetu ni yale yaliyokwisha kutumika Japani. Gari la umeme la Kijapani lijulikanalo zaidi, Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Desemba 2010, lina matundu mawili: moja la umeme wa kawaida lenye pini 5, na jingine la kuchajia kwa haraka la mtindo uitwao CHAdeMO. Magari yaundwayo China kwa soko la kwao hutumia mtindo wa GB/T, ambao plagi yake ya umeme wa kawaida ina pini 7 kama ile ya Ulaya, ila dume na jike vimebadilishana nafasi. Ukizitazama kwa mbali utadhani ni ndugu, lakini ukizikutanisha zinakataana. Magari ya Ulaya hutumia plagi iitwayo Aina ya 2, na kwa kuchaji haraka hutumia plagi hiyo hiyo iliyoongezewa pini 2 nene chini yake, nayo huitwa CCS2. Huko Marekani kuna mtindo wa Tesla, ambao tangu mwaka 2023 kampuni ya Ford na nyingine kadhaa zimekubali kuufuata.

Wala tofauti hizi si za umbo tu. Kabla ya umeme mkubwa kupita, gari na mashine ya kuchajia huzungumza: betri ina joto kiasi gani, inahitaji umeme wa nguvu gani, je, plagi imekaa sawasawa. Kila mtindo una lugha yake. Mashine isiyojua lugha ya gari haitoi umeme, na ni heri iwe hivyo, maana umeme huo unatosha kuua. Kwa sababu hiyo adapta ya gari haiwezi kulinganishwa na ile adapta ndogo tununuayo dukani ili plagi ya pini za mviringo iingie katika soketi ya pini za mraba. Ile ya gari, hasa kwa uchaji wa haraka, inabidi iwe mkalimani, na mkalimani wa aina hiyo ni wa bei kubwa. Mafundi wakianza kujiundia wakalimani wao kwa waya na utepe, tutazima moto badala ya kuchaji betri.

Kuna watakaosema kwamba gari la umeme laweza kuchajiwa nyumbani usiku, basi vituo vya nini? Ni kweli kwa mtu mwenye nyumba, mita na uwanja wa kuegesha. Leaf ya mwanzo yenye betri ya kilowati-saa 24, ikichomekwa katika soketi ya ukutani ya volti 230, huhitaji kama saa 10 au zaidi kujaa. Mwenye kulala usingizi hana shida. Lakini mtu aliyefika Kibamba akiwa na safari ya zaidi ya kilometa 400 mbele yake hawezi kulala kila penye soketi. Yeye anahitaji mashine ya kilowati 50, ambayo humfikisha kwenye asilimia 80 kwa muda wa kama nusu saa, akanywa chai akaendelea. Na mpangaji wa chumba kimoja katika mitaa ya Kinondoni, Temeke au Ng'ambo, asiye na uwanja wala mita yake peke yake, hana pa kutegemea ila kituo cha hadhara. Kwa hiyo suala la plagi linamhusu mnyonge kuliko tajiri.

Nchi yetu haikosi mafunzo juu ya gharama ya kutokubaliana mapema. Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, walitandika njia yenye upana wa milimita 1,000. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, ikatandikwa kwa upana wa milimita 1,067 ili iungane na reli za Zambia na kusini mwa Afrika. Kila uamuzi ulikuwa na sababu yake. Lakini matokeo yake ni kwamba reli mbili za nchi moja, zote zikianzia Dar es Salaam, hazikuweza kupokezana behewa kwa tofauti ya milimita 67, yaani upungufu wa upana wa kiganja. Ikabidi kijengwe kituo huko Kidatu ili mizigo ihamishwe kutoka behewa hili kwenda lile. Leo tunayo reli ya kisasa ya umeme yenye upana wa milimita 1,435, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na jiji moja sasa lina njia za reli za vipimo vitatu. Hatusemi haya kuwalaumu waliotangulia. Tunasema kwamba kosa la kipimo likishamwagiwa zege halirekebishwi kwa waraka.

Lakini tunalo pia funzo la kutupa moyo, nalo limetoka katika mifuko yetu wenyewe. Wakati fulani mwenye pesa katika simu ya mtandao mmoja hakuweza kumtumia ndugu yake wa mtandao mwingine pesa zikaingia moja kwa moja katika akaunti yake. Watu wakabeba laini mbili na tatu. Mwaka 2014 kampuni za Airtel, Tigo na Zantel zikakubaliana kupokezana fedha, na mwaka 2016 Vodacom ikajiunga. Tanzania ikawa mfano wa kutajwa barani Afrika. Hakuna kampuni iliyofilisika kwa sababu ya makubaliano hayo. Biashara ilipanuka, kwa kuwa mteja alipata sababu ya kuitumia huduma mara nyingi zaidi. Walioogopa kufungua milango waligundua kwamba mlango uliofunguliwa huingiza watu kuliko kuwatoa.

Sasa tuwageukie wenzetu wa Visiwani, ambao jambo hili linawagusa kwa namna ya pekee. Hakuna mahali katika nchi hii panapofaa gari la umeme kuliko visiwa. Unguja ina urefu wa kilometa zisizozidi 90 kutoka ncha hadi ncha, na Pemba ni fupi zaidi. Mtu aweza kutoka Nungwi hadi Makunduchi asubuhi na kurudi jioni, na gari la umeme la siku hizi lililo zima likabaki na akiba. Petroli na dizeli zote huletwa kwa meli, na meli ikichelewa foleni huonekana mjini na shamba. Hoteli za pwani ya mashariki na kaskazini zina magari yanayokwenda njia zile zile kila siku. Kwa hesabu yoyote, hapo ndipo pa kuanzia.

Hata hivyo, wananchi wa Zanzibar wanajua pia maana ya kutegemea waya mmoja. Waya wa kwanza wa umeme uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba uliwekwa mwaka 1980. Ulipopata hitilafu mwishoni mwa mwaka 2009, Unguja ilikaa bila umeme wa gridi kuanzia Desemba hadi Machi 2010. Hakuna aliyekuwapo wakati ule aliyeyasahau majenereta, ndoo za maji na samaki walioharibika. Waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013, na Pemba imeunganishwa na Tanga tangu 2010. Ikiwa usafiri nao utaegemea umeme, basi vituo vya kuchajia havina budi kupangwa pamoja na uwezo wa nyaya hizo, pamoja na umeme wa jua, na kwa saa ambazo mahitaji ya majumbani yamepungua. Mpango wa namna hiyo hauwezekani ikiwa kila kituo kinasema lugha yake na hakuna anayejua ni magari mangapi yanavuta umeme kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha hoja yetu kwa viongozi wahusika. Katika Muungano wetu kuna Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na kuna Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kuna TANESCO na kuna ZECO. Kuna EWURA Bara na kuna ZURA Visiwani. Kila chombo kina mipaka yake na heshima yake, na sisi hatupendekezi kwamba mmoja amvue mwenzake mamlaka. Lakini gari likipanda meli Malindi halibadiliki tundu lake baharini. Iwapo upande mmoja utachagua mtindo huu na upande wa pili mtindo ule, au iwapo pande zote mbili zitanyamaza na kumwachia kila mfanyabiashara, tutakuwa tumejenga Kidatu nyingine katikati ya bahari.

Zipo hoja za kupinga, na ni haki tuzijibu. Ya kwanza husema magari yenyewe bado ni machache, basi haraka ya nini? Sisi twaona uchache huo ndio sababu ya kufanya haraka. Samaki hukunjwa angali mbichi. Kubadili plagi za vituo 20 ni kazi ya mwezi mmoja, lakini vikifika 2,000, vyenye wenyewe, mikopo na mawakili, kazi hiyo itachukua kizazi kizima.

Hoja ya pili husema teknolojia inabadilika, na tukichagua leo huenda tukachagua kibaya. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo tunaona tayari upepo unavyovuma. Jumuiya ya Ulaya iliamua kwa agizo la mwaka 2014 kwamba vituo vyake vya hadhara viwe na plagi ya Aina ya 2 na CCS2. Nissan yenyewe, iliyokuwa nguzo ya CHAdeMO, ililitoa gari lake la Ariya kwa masoko ya Ulaya na Marekani likiwa na tundu la CCS. Na sisi tuna sababu yetu ya kifundi: umeme wetu ni wa volti 230 na 400, njia tatu, mizunguko 50 kwa sekunde, sawasawa na ule wa Ulaya. Plagi ya Aina ya 2 imeundwa kubeba njia zote tatu, hali ile ya pini 5 ya Japani na Marekani hubeba njia moja tu. Si kwamba cha Ulaya ni bora kwa kuwa ni cha Ulaya. Ni kwamba plagi hiyo inalingana na nguzo zilizokwisha simama mitaani kwetu.

Hoja ya tatu husema soko litaamua lenyewe. Soko huamua, ni kweli, lakini huamua baada ya wengi kuumia. Tumfikirie kijana wa Kibamba aliyekopa ili anunue bajaji ya umeme. Betri yake inaingia katika vituo vya kampuni moja tu. Kampuni hiyo ikipandisha bei, hana pa kwenda. Ikifunga milango, bajaji yake inakuwa kibanda cha kuku huku mkopo ukiendelea kudai. Mwenye bajaji ya petroli hajapata kuingia katika kifungo cha namna hiyo. Tukimtaka kijana huyu aache petroli kwa faida ya taifa na mazingira, hatuna haki ya kumuuzia utumwa wa plagi.

Katika jambo hili la vyombo vidogo, ambavyo ndivyo vitakavyokuwa vingi kwetu kuliko magari makubwa, wengine wamekwisha kutuonyesha njia. Mwezi Machi 2021 washindani wanne wa Japani, yaani Honda, Kawasaki, Suzuki na Yamaha, walikubaliana juu ya kiwango cha pamoja cha betri za pikipiki za kubadilishwa. India nayo mwaka 2023 ilipitisha kiwango cha taifa cha plagi ya kuchajia pikipiki na vyombo vyepesi. Ikiwa makampuni yaliyoshindana kwa miongo mingi yameweza kuketi meza moja, makampuni machanga yanayoanza Dar es Salaam na Zanzibar hayana udhuru.

Kwa hayo yote, tunaziomba mamlaka za pande zote mbili za Muungano zifikirie mambo yafuatayo.

Kwanza, taasisi mbili za viwango zitoe tamko moja, kwa siku moja, kwamba kila kituo cha hadhara kitakachopewa kibali kuanzia sasa kiwe na plagi ya Aina ya 2, na kile cha kuchaji haraka kiwe na CCS2. Mwenye kutaka kuongeza CHAdeMO au GB/T kando yake asizuiwe, maana magari yaliyokwisha kununuliwa na wananchi kwa jasho lao yasigeuzwe vyuma chakavu. Lakini ile plagi ya pamoja isikosekane popote.

Pili, malipo yawe huru. Dereva asilazimishwe kujiandikisha kwa kila kampuni na kuweka fedha zake huko. Alipe kwa simu ya mtandao wowote, kama anunuavyo LUKU akiwa Bara au TUKUZA akiwa Zanzibar. Na bei kwa kila uniti iandikwe kwa herufi zinazoonekana kutoka barabarani, kama bei ya petroli inavyoandikwa.

Tatu, mashine zinazoingizwa nchini ziwe zinafuata lugha ya wazi ya mawasiliano na mitambo ya usimamizi, kama ile iitwayo OCPP. Kampuni ikifilisika, mwingine aweze kuichukua mashine ile ile na kuendelea kuitumia.

Nne, wadau wa bajaji na pikipiki wapewe muda maalumu wa kukubaliana juu ya betri au, ikishindikana, angalau juu ya tundu moja la kuchajia. Muda ukipita bila mapatano, Serikali iamue.

Tano, mafundi umeme wafundishwe na kupewa leseni kwa kazi hii, katika vyuo vya ufundi vya Bara na Visiwani, kwa mtaala mmoja. Tundu zuri lililofungwa bila waya wa ardhi ni mtego.

Tena tusijifungie ndani ya mipaka yetu. Malori yanayopita Kibamba hayaishii Kibaha. Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri mwaka 2023. Rwanda, tangu Januari 2025, imeacha kusajili pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria mjini Kigali. Ethiopia ilizuia uingizaji wa magari ya mafuta mwaka 2024. Majirani wanakwenda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu wake wa viwango vya pamoja, na Tanzania ikifika kwenye kikao ikiwa na sauti moja iliyokwisha kukubaliwa Dodoma na Zanzibar, itasikilizwa. Ikifika na sauti mbili, itapangiwa na wengine.

Umeme tunao. Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, lilikamilishwa mwaka 2025. Taifa halikujinyima kwa miaka yote hiyo ili umeme huo ufike barabarani ukute tundu lisiloingilika. Fedha za kigeni tunazotumia kununua petroli zaweza kupunguzwa, na moshi wa Barabara ya Morogoro waweza kupungua vilevile. Kinachohitajika sasa hakina gharama ya zege wala chuma. Ni wakubwa wa taasisi chache kuketi chumba kimoja, wakiwa na plagi nne mezani, na kutotoka mpaka wamechagua.

Tunatazamia siku ambayo mwalimu kutoka Wete atashuka na gari lake Dar es Salaam, apite Ubungo, apite Mbezi, asimame Kibamba, avute waya na kuuchomeka bila kumuuliza mtu. Siku hiyo hakuna atakayestaajabu, kama vile leo hakuna astaajabiaye mpira wa pampu ya petroli. Lakini siku hiyo haitakuja yenyewe. Inategemea uamuzi wa waliokabidhiwa dhamana, na kila mwezi unaopita bila uamuzi, mtu fulani mahali fulani anamwaga zege la kituo kingine chenye plagi yake.